Maharage Yanayokawia Kuiva: Maji, Moto na Magadi Katika Nyanda za Juu za Karatu

Barabara itokayo Mto wa Mbu hupanda ukuta wa Bonde la Ufa kwa mizunguko, na baada ya mwendo mfupi msafiri huliacha fukuto la kando ya Ziwa Manyara na kuingia katika nyanda za upepo wa baridi na udongo mwekundu. Hapo ndipo ulipo mji wa Karatu, kwenye mwinuko wa yapata meta 1,500 kutoka usawa wa bahari. Barabara hiyo hiyo, ikiisha kupita lango la Lodoare, hufika kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, ambako mwinuko ni meta 2,300 hivi na ukungu wa asubuhi hukawia kuondoka. Katika nchi ya baridi namna hiyo, sahani ya maharage yaliyotokota polepole tangu mchana, yakawa laini na mchuzi wake ukawa mzito, hutuliza tumbo na moyo pia.

Maharage hayo huliwa kwa ugali au kwa wali, ama huchanganywa na mahindi yakawa makande. Kabla hayajakauka shambani huweza kuliwa machanga pamoja na maganda yake, au mabichi yaliyopukuchuliwa. Lakini kila mpishi aliyehamia huko kutoka pwani hutambua jambo moja upesi: maharage yale yale yaliyokuwa yakiiva Dar es Salaam kwa saa moja na nusu, Karatu hayaivi kwa muda huo. Akiongeza kuni, maji hutokota kwa kishindo zaidi, na maharage hubaki magumu. Mwishowe mtu humshauri atie magadi, naye huona ajabu jinsi yanavyolainika.

Sababu za mambo hayo zimo katika fizikia na kemia ifundishwayo katika shule za sekondari. Matokeo yake, hata hivyo, hayaishii jikoni. Yanafika msituni, na yanafika pia kwenye meno ya watoto.

Maji yatokotayo si lazima yawe na nyuzi 100

Maji hutokota pale ambapo kanieneo ya mvuke wake inalingana na kanieneo ya hewa inayoyakandamiza kutoka juu. Pwani, ambako uzito wote wa angahewa uko juu ya sufuria, hali hiyo hupatikana kwenye nyuzi 100 za Sentigredi. Mtu akipanda mlima huacha sehemu ya hewa chini yake. Inayobaki juu ya sufuria ni kidogo, na mvuke hauhitaji nguvu nyingi ili kuishinda. Kwa kadiri, kila meta 300 za mwinuko hupunguza nyuzi moja. Kwa hiyo maji hutokota Karatu kwenye nyuzi 95 hivi, na kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro kwenye nyuzi 92 na kitu. Kando ya Ziwa Eyasi, ambako mwinuko ni kama meta 1,030, ni karibu nyuzi 96 na nusu. Juu kabisa ya Kilimanjaro, kwenye meta 5,895, maji hutokota kwa nyuzi 80 hivi tu.

Nyuzi tano zaweza kuonekana si kitu. Lakini kuiva kwa maharage ni mabadiliko ya kikemia, na mabadiliko ya namna hiyo huathiriwa sana na halijoto. Kanuni ya kukadiria inayojulikana kwa wanakemia ni kwamba halijoto ikipungua kwa nyuzi kumi, mwendo wa mabadiliko hupungua kwa nusu au zaidi. Ikichukuliwa kanuni hiyo kwa upande wake wa chini, maharage yanayohitaji dakika 90 pwani yatahitaji kama dakika 125 Karatu, na zaidi ya dakika 150 kwenye ukingo wa kreta. Hesabu hiyo ni ya makisio, lakini mpishi yeyote wa nyanda za juu ataikubali.

Jambo hili liliwasumbua watu zamani kabla ya kueleweka na wengi. Mwaka 1835 mwanasayansi wa Uingereza Charles Darwin alivuka milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Usiku mmoja walilala mahali pa juu sana, na viazi walivyovitia motoni vikachemka kwa saa kadhaa bila kuiva. Sufuria iliachwa motoni usiku kucha na kuchemshwa tena asubuhi, na viazi vikabaki vigumu. Wenzake Darwin wawili walijadiliana sababu yake, wakaamua kwamba sufuria ile, ambayo ilikuwa mpya, ilikuwa na laana. Darwin mwenyewe alijua kosa si la sufuria.

Kutoka hapo hutokea kosa la pili, nalo lina gharama kubwa kuliko la kwanza. Mpishi akiona maharage hayaivi huongeza moto. Maji yakisha kutokota, moto wa ziada hauongezi halijoto hata kidogo: kazi yake yote ni kugeuza maji kuwa mvuke. Kazi hiyo ni nzito mno. Kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 95 huhitaji kilojuli 314 hivi. Kuigeuza lita hiyo hiyo iwe mvuke huhitaji kilojuli 2,270, yaani zaidi ya mara saba. Sasa, kilo moja ya kuni kavu hutoa kilojuli 16,000 hadi 18,000, lakini katika moto wa mafiga matatu ni sehemu ya kumi tu, au zaidi kidogo, inayoingia ndani ya sufuria. Iliyobaki hupotea hewani. Mwalimu akiwapa wanafunzi wake tarakimu hizo, watapata wenyewe jawabu: kila lita ya maji inayopotea kama mvuke imekula zaidi ya kilo nzima ya kuni.

Sufuria iliyo wazi, inayotokota kwa kishindo kwa saa mbili na nusu, hupoteza lita nyingi. Iliyofunikwa vizuri, ikaachwa itokote kwa utulivu, mapovu machache yakipanda moja moja, ina halijoto ile ile na huivisha kwa muda ule ule. Tofauti ipo kwenye tita la kuni.

Na kuni za Karatu si jambo dogo. Juu ya mashamba ya Karatu na Oldeani umetanda Msitu wa Hifadhi wa Nyanda za Juu Kaskazini, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro iliyoanzishwa mwaka 1959. Msitu huo hunasa ukungu na mvua, na chemchemi zinazotoka chini yake hulisha visima, mashamba ya kahawa na vijiji vya upande wa kusini. Kila mti unaokatwa kwa ajili ya jiko umeondolewa katika chanzo cha maji yatakayotiwa katika sufuria hiyo hiyo. Upande wa juu, ndani ya Hifadhi, wakazi ni wafugaji. Kilimo huko kilikatazwa mwaka 1975, kikaruhusiwa tena mwaka 1992 kwa ajili ya chakula cha nyumbani, na kikakatazwa kwa mara nyingine mwaka 2009. Maharage yapikwayo huko hutoka mashamba ya chini, na hupikwa mahali ambapo maji yana joto dogo zaidi.

Dawa ya fizikia kwa tatizo la mwinuko imejulikana kwa zaidi ya miaka 300. Mwaka 1679 Mfaransa Denis Papin aliwaonyesha wanachuoni wa London chungu cha chuma chenye kifuniko cha kukazwa. Mvuke ukizuiwa kutoka, kanieneo ndani ya chungu hupanda, na pamoja nayo kiwango cha kutokota. Sufuria ya presha ya siku hizi ni mjukuu wa chungu hicho. Ikitumiwa Karatu hufikisha maji kwenye nyuzi zinazokaribia 118, na maharage yaliyolowekwa huiva kwa dakika badala ya saa. Kwa jiko la umeme au la gesi matumizi yake huwa madogo sana. Tatizo lake ni bei, na mpira wa kifuniko ambao ukichakaa haupatikani dukani kila mahali.

Njia nyingine haina gharama. Ni kikapu kikubwa kilichojazwa majani makavu, pamba kuukuu au vipande vya blanketi, ambamo sufuria iliyokwisha kuchemka hutumbukizwa na kufunikwa pande zote. Joto hutoka kidogo kidogo, na maharage huendelea kuiva bila moto. Hapa inafaa onyo. Maharage, hasa mekundu, yana protini ya sumu iitwayo lektini, ambayo huleta kutapika na kuharisha. Sumu hiyo huvunjwa na maji yanayotokota, hata ya nyuzi 92, lakini haivunjwi na maji ya moto wa wastani ambayo hayajatokota. Kwa sababu hiyo maharage yaliyolowekwa ni lazima yatokote sawasawa kwa nusu saa hivi kabla ya kuingizwa kikapuni, na maji ya kuyalowekea humwagwa.

Ndani ya punje

Kwa nini punje ya maharage iwe ngumu hivyo? Jibu limo katika kuta za seli zake. Kila seli ni kijumba kilichojaa wanga na protini, na vijumba hivyo vimegandishwa pamoja kwa gundi iitwayo pektini. Ndiyo pektini hiyo hiyo inayofanya jemu igande. Minyororo ya pektini hufungwa kwa kalsiamu na magnesi, kama matofali yanavyoshikwa na saruji. Maharage huiva pale gundi hiyo inapoyeyuka na seli kuachana. Mtu akiibonyeza punje iliyoiva kwa vidole, haikatiki seli kwa seli, bali seli nzima nzima huteleza na kuachana, na ulimi huuita ule ulaini.

Asidi huizuia pektini isiyeyuke. Hii ndiyo sababu wapishi wazoefu huchemsha maharage kwanza kwa maji matupu, kisha wakayaunga kwa kitunguu, mafuta na nyanya baada ya kulainika. Nyanya ina asidi, na ikitiwa mwanzoni huweza kuyafanya maharage yatokote jioni nzima bila kulainika. Ukwaju na ndimu hufanya hivyo hivyo. Maji magumu, yaani yenye kalsiamu nyingi, nayo huongeza saruji mahali ambapo mpishi anataka kuibomoa.

Kuna ugumu mwingine ambao hauletwi na jiko bali na ghala. Maharage yaliyowekwa kwa miezi mingi mahali penye joto na unyevu hufikia hali ambayo hayaivi hata yakichemshwa siku nzima. Mwanasayansi wa Sweden aitwaye Mattson alipendekeza maelezo yake mwaka 1946, akichunguza njegere. Ndani ya mbegu mna asidi ya fitiki, ambayo hushikilia kalsiamu na magnesi isizifikie kuta za seli. Mbegu ikikaa katika joto na unyevu, kimeng'enya huivunja asidi hiyo, na madini yaliyofunguliwa huenda kuikaza pektini. Watafiti waliofuata wameongeza sababu nyingine, lakini wazo lake bado linatumika. Mattson pia alibuni kifaa cha kupima kuiva: kila mbegu huwekwa chini ya kijiti cha chuma chenye uzito maalumu, na muda hupimwa hadi vijiti vinapozitoboa. Wazalishaji wa mbegu bado wanatumia vifaa vya ukoo huo.

Baridi ya Karatu, kwa hiyo, ambayo humchelewesha mpishi, humsaidia mwenye ghala. Maharage yaliyokaushwa vizuri na kuhifadhiwa nyanda za juu hudumu na ulaini wake kuliko yaliyokaa bohari ya pwani. Aina nazo hutofautiana sana. Vituo vya utafiti vya kaskazini vimetoa mbegu kama Lyamungu 85, Lyamungu 90, Selian 94 na Selian 97, ambazo namba zake zinakumbusha miaka ya kutolewa kwake. Zamani mtafiti alitazama kwanza mavuno na magonjwa. Baadaye ilionekana wazi kwamba aina yenye mavuno makubwa lakini inayokawia kuiva hukataliwa na mwanamke anayetafuta kuni, na muda wa kupika ukaingizwa miongoni mwa sifa zinazopimwa.

Maharage machanga

Maharage machanga, yale yanayoliwa na maganda yake, hufuata sheria hizo hizo, na yanaongeza swali moja zuri kwa darasa la kemia: swali la rangi. Yakitiwa katika maji yanayotokota hung'aa kijani kwa dakika chache, kwa sababu hewa iliyokuwa imejificha kati ya seli hutoka. Kisha rangi huanza kufifia, na baada ya nusu saa huwa ya kijani kilichochanganyika na kahawia, kama nguo ya askari. Kinachotokea ni kwamba asidi za mmea wenyewe huifikia klorofili na kuing'oa magnesi iliyo katikati ya molekuli yake. Nafasi hiyo hushikwa na haidrojeni, na kitu kinachobaki si kijani tena.

Wapo wanaoona rangi hiyo kuwa dalili ya mapishi mabaya, na hoteli za kitalii huyatoa maharage hayo motoni yangali yanakatika kwa mlio. Ladha ya mtu ni yake. Lakini Wagiriki na Waturuki, ambao hupika maharage machanga polepole kwa mafuta, kitunguu na nyanya nyingi, wala hawajali rangi hiyo. Katika mapishi yao asidi ya nyanya, ambayo kwa punje kavu ni adui, huwa rafiki: huyazuia maganda laini yasipondeke, nayo hukaa motoni kwa muda mrefu hadi mchuzi umeingia ndani kabisa. Karatu ina kila kinachohitajiwa kwa upishi huo. Vitunguu vya Mang'ola, vinavyolimwa kwa maji ya chemchemi karibu na Ziwa Eyasi, vinajulikana katika masoko mengi ya Afrika Mashariki. Vitunguu viwili hukaangwa taratibu hadi vilainike. Maharage machanga nusu kilo, yaliyokatwa ncha, hugeuzwa humo. Nyanya tatu, chumvi na kikombe kimoja cha maji hufuata. Sufuria hufunikwa, moto hupunguzwa hadi mapovu yaonekane kwa shida, na huachwa kwa muda wa saa moja au zaidi. Maji hayamwagwi, hivyo vitamini zinazoyeyuka hubaki katika mchuzi na huliwa. Vitamini C hupungua kwa joto la muda mrefu, na hilo halikwepeki. Chungwa moja baada ya chakula hulipa deni hilo.

Magadi

Sasa inafaa kurudi kwa mpishi aliyeshauriwa kutia magadi, maana hapo ndipo penye jambo zito.

Karatu na Ngorongoro zimezungukwa na nchi ya magadi. Sakafuni mwa kreta lipo ziwa liitwalo Magadi. Kusini-magharibi liko Eyasi. Kaskazini liko Natron, na mbele yake, upande wa Kenya, Ziwa Magadi jingine. Maziwa hayo hayana mto wa kutokea. Maji huingia na madini yaliyoyeyuka kutoka miamba ya volkano, kisha jua huyakausha maji na kuyaacha madini. Si mbali na hapo umesimama Oldoinyo Lengai, mlima pekee duniani uliojulikana kutapika lava ya kabonati ya sodiamu katika nyakati zetu. Lava hiyo hutoka nyeusi na baada ya siku chache hugeuka nyeupe kwa unyevu wa hewa.

Magadi ni mchanganyiko wa kabonati na bikabonati ya sodiamu pamoja na maji. Yakiyeyuka hutoa mchuzi wa alikali wenye pH karibu 10, na alikali hufanya kinyume cha asidi. Huivunja minyororo ya pektini, na sodiamu yake hushika nafasi ya kalsiamu iliyokuwa imeikaza. Muda wa kuiva hupungua sana, pengine kwa nusu. Mboga za majani na maharage machanga nayo hubaki na kijani kinachong'aa, maana asidi ya kuibadilisha klorofili imekwisha kuuawa. Waliogundua matumizi hayo, karne nyingi kabla ya maabara yoyote, walikuwa wachunguzi hodari. Mahali ambapo maji hayafiki nyuzi 100 na kuni ziko mbali, kijiko cha magadi kilikuwa jawabu la akili.

Lakini jawabu hilo lina bei zake. Ya kwanza ni vitamini. Maharage ni chanzo kizuri cha thiamini, yaani vitamini B1, ambayo hustahimili kupikwa katika asidi lakini huvunjika upesi katika alikali yenye moto. Vitamini C huharibika vivyo hivyo. Ya pili ni sodiamu, ambayo huongezeka juu ya chumvi iliyokwisha kutiwa na haiwafai wenye shinikizo la damu.

Ya tatu ni floraidi. Miamba ile ile ya volkano iliyotoa kabonati imetoa floraidi pia, na jua linapokausha ziwa halichagui. Floraidi kidogo huimarisha meno. Ikizidi katika miaka ambayo meno ya kudumu yanajengeka ndani ya ufizi, yaani takriban miaka minane ya mwanzo, tabaka gumu la jino hujengeka vibaya: huwa na madoa meupe kama chaki, kisha ya kahawia, na mwisho hubomoka. Ikizidi mno kwa miaka mingi hukakamaza mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Katika mikoa ya kaskazini maji mengi hupita kikomo hicho, na mwaka 1974 Tanzania ililazimika kuruhusu kwa muda hadi miligramu 8. Huko Ngurdoto, karibu na Arusha, kipo kituo kinachoshughulikia uondoaji wa floraidi katika maji, na njia yake mojawapo ni kuyachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Kwa muda mrefu lawama yote iliwekwa juu ya maji. Lakini matabibu wa meno waliochunguza watoto wa kaskazini mwa Tanzania walikutana na fumbo: palikuwa na vijiji ambavyo maji yake yalikuwa na floraidi kidogo, na watoto wake walikuwa na meno yenye madoa. Katika miaka ya 1990 uchunguzi uliochapishwa ulielekeza kidole kwenye magadi ya kupikia. Sampuli za magadi zilizopimwa zilitofautiana sana, nyingine zikiwa na floraidi kidogo na nyingine nyingi mno. Hesabu ndogo yaonyesha maana yake. Ikiwa gramu moja ya magadi ina miligramu 2 za floraidi, kijiko cha gramu 5 hutia miligramu 10 katika sufuria. Hizo ni sawa na floraidi ya karibu lita 7 za maji yaliyo kwenye kikomo cha miligramu 1.5. Na mtoto aliyeachishwa ziwa hivi karibuni hulishwa maharage na makande kwa sababu yamelainishwa vizuri.

Jicho haliwezi kutofautisha magadi yenye floraidi nyingi na yasiyo nayo, wala ulimi. Mama anayeyanunua kwa kopo sokoni hana namna ya kujua. Ipo njia ya kuokoa wakati bila kuyategemea: kuloweka maharage usiku kucha, hadi yanywe maji yanayokaribia uzito wake mwenyewe, kumwaga maji hayo, kuchemsha kwa maji mapya yasiyo na nyanya wala ndimu, kufunika, na kukamilisha kwa kikapu. Asiyeweza kuacha magadi kabisa aweza kutia chembe katika maji ya kulowekea peke yake, kisha akayamwaga na kuyasuuza maharage. Kilichonywewa na punje hubaki, lakini ni kidogo kuliko kijiko kizima kilichoishia katika mchuzi. Na chakula cha watoto wa chini ya miaka minane chafaa kipikwe mbali na magadi yatokayo ziwani.

Jaribio kwa ajili ya darasa

Jaribio lifuatalo halihitaji maabara. Kwanza darasa lipime kiwango cha kutokota kwa maji ya shuleni kwa kutumia kipimajoto, bila kukigusisha na kitako cha sufuria, na kutokana na tarakimu hiyo wakadirie mwinuko wa shule yao. Kisha punje 100 za maharage ya aina moja, yaliyolowekwa usiku mmoja, zigawanywe katika makopo manne yenye maji sawa. La kwanza liwe na maji matupu, la pili vijiko viwili vya maji ya ndimu, la tatu chembe ya magadi, na la nne kipande kidogo cha chokaa ya ubaoni kilichosagwa pamoja na maji ya ndimu kiasi cha kukiyeyusha, ili kalsiamu yake ipatikane. Makopo yote yatokote pamoja juu ya moto mmoja, na maji yanayopungua yaongezwe kwa maji ya moto.

Kila baada ya dakika 15 punje tano zitolewe katika kila kopo na kuchomwa kwa msumari uliofungwa uzito usiobadilika, kwa mfano betri kuukuu ya tochi. Punje ambayo msumari umeipenya huhesabiwa kuwa imeiva, na idadi yake huandikwa. Matokeo yachorwe kwenye karatasi ya grafu, muda ukiwa kwenye mhimili wa mlalo. Punje za jaribio hazionjwi, kwa kuwa zile za mwanzo bado zina lektini. Shule mbili zilizo kwenye miinuko tofauti, mathalani moja ya Mang'ola na nyingine ya Oldeani, zikitumia maharage ya gunia moja na kubadilishana grafu zake, zitaona katika mistari ya makopo ya maji matupu kile ambacho nyuzi chache za Sentigredi hufanya.